Mpangaji wa fremu anabebeshwa kodi ya mwingine

Ndugu Mhariri,

Kijana anayetaka kufungua kibanda cha mitumba hapa Moshi hutishwa kwamba kodi itammaliza. Kwa walio chini kabisa, si kweli. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni bure, na mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Anayeuza milioni 5 na kutunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya ile milioni iliyozidi, yaani Sh30,000. Asiyetunza hulipa Sh100,000. Daftari la shule tu linaokoa Sh70,000!

Balaa liko kwenye fremu. Kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, kisheria mpangaji huikata kwenye fedha ya mwenye nyumba na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Lakini mwenye nyumba gani wa mjini hapa atakubali kukatwa? Atakwambia wanaoitaka fremu ni wengi. Basi mpangaji analipa pango la miezi sita lote, kisha anatoa na zuio mfukoni mwake kabla hajauza hata shati moja. Mtaji umeshakatika.

Naomba Mamlaka ya Mapato iwadai wenye fremu moja kwa moja. Majengo yao hayahamishiki.

Mfanyabiashara mdogo,
Kiborloni, Moshi