Barua kwa wajina wangu wa Bukavu

Goma, Himbi
Jumapili jioni

Wajina wangu,

Salamu nyingi toka huku. Mama anakusalimia, anauliza kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimeshuka bei huko Bukavu. Rasimu ya ripoti yenu ya mashindano, ile ya pampu ya maji, ilinifikia Ijumaa, dada yako alikuja nayo kwa boti ya usiku. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika, na leo tena baada ya misa.

Pampu yenu naipenda: pigo la maji yanayoshuka ndilo linalosukuma sehemu ya maji hayo hayo kupanda mlima. Ripoti, nisikufiche, inasinzisha.

Kurasa nne za mwanzo mnaeleza kwamba maji ni uhai. Wanajuri hilo wanalijua, asubuhi wamekunywa. Halafu Montgolfier, aliyebuni pampu ya namna hii Ufaransa mwaka 1796, mmempa kurasa tatu, hadi puto lake la hewa moto la 1783 limo! Mstari mmoja unamtosha mzee wa watu. Nimefika ukurasa wa tisa kabla ya kujua maji yenu yanatoka wapi na yanapanda hadi wapi.

Sikucheki. Mwaka jana sisi tulifanya vibaya zaidi. Unakumbuka chukudu yetu yenye breki, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo? Zile za kawaida unazijua: kipande cha tairi kimepigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, mwenye chukudu anateremka toka Kibumba na magunia ya viazi, anakikanyaga huku akimwomba Mungu. Sisi tukaandika kila bolti na unene wake, kila ubao na urefu wake. Mwanajuri mmoja, mama mtulivu sana, akauliza: "Kwa nini mkono wa breki una sentimita 30?" Tukatazamana. Ukweli ni kwamba bomba la kitanda kibovu tulilolikata lilikuwa na urefu huo. Hakuna aliyethubutu kusema.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hesabu nzuri tulikuwa nayo, imelala kwenye daftari langu. Mzigo, mtu na chukudu yenyewe, jumla kilo 300. Wakishuka mita 20 za kimo bila kuongeza mwendo, breki inatakiwa kumeza karibu kilojuli 59 za joto. Hilo ni joto la kuchemsha kikombe kidogo cha maji, na lote linaishia kwenye kipande cha tairi na ubao. Ndiyo sababu tuliweka chuma. Sentensi hizo zilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza, na hazikuwa popote.

Sasa pampu yenu. Anzeni na kijito: kinaingiza lita 60 kwa dakika, kinaanguka mita 2, na nyumba iko mita 20 juu ya pampu. Mlikadiria ufanisi wa asilimia 60. Zidisha 60 kwa 2 kwa 0.6, gawanya kwa 20, unapata lita 3.6 kwa dakika. Kwa siku nzima ni bidoni zaidi ya 250 za lita 20, bila umeme wala tone la mafuta. Mtu aliyewahi kupanda vilima vya Bukavu na bidoni kichwani akisoma hapo hataiweka ripoti chini.

Halafu ukurasa wa 14 mnasema pampu "inafanya kazi vizuri sana". Vizuri kiasi gani? Dada yako ameniambia mlijaza bidoni moja kwa dakika 7. Basi hiyo si lita 3.6, ni kama 2.9, na ufanisi wenu ni karibu asilimia 48. Najua mmeificha kwa aibu. Itoeni! Elezeni kwamba baada ya siku kadhaa pampu ilianza kugonga kama nyundo, kwa sababu hewa ya kwenye chupa inayolainisha mapigo huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji hadi chupa inajaa maji, na kwamba mkatoboa kitundu kidogo chini ya vali ya kupandishia ili kila pigo livute hewa kidogo. Ukurasa huo peke yake ningeusoma mara tatu.

Na bomba la kushushia maji: mlitumia plastiki, na plastiki hutanuka kidogo ikameza sehemu ya pigo ambalo chuma kingelipitisha lote. Msiandike kwamba plastiki "ni bora". Andikeni bei mliyoambiwa sokoni Kadutu kwa kila moja, na nguvu mliyokubali kuipoteza kwa bei hiyo.

Picha ya pampu imepigwa usiku na kidole cha mtu kimo. Rudieni.

Usifikiri ni ukali wa huku tu. Hata kwenye Formula SAE, mashindano ya wanafunzi wanaojenga magari ya mbio, yaliyoanzia Marekani, alama 150 kati ya 1,000 ni za usanifu, na majaji hupokea maelezo ya maandishi kabla ya kuligusa gari.

Jambo la mwisho ni lugha. Kifaransa chenu kimevaa suti na tai, na kila sura imeandikwa na mtu wake, inasikika. Mwache mmoja aandike yote. Kabla hajaanza, akae na mama yako jikoni amweleze kwa Kiswahili jinsi vali inavyojifunga yenyewe. Pale mama atakapouliza "halafu?", ndipo pana pengo.

Dada yako anarudi Jumanne, nimempa rasimu yako na wino wangu mwekundu. Kabla ya kuandika upya, jazeni bidoni nyingine tatu, kila moja na dakika zake, unitumie hizo namba.

Wajina wako

N.B. Mama amekumbuka: kama sambaza zimeshuka, kilo mbili.