Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tupeni Chumba Chenye Mlango

Mheshimiwa Waziri,

Msichana akiingia kwangu na kusema kichwa kinamuuma, mimi muuguzi humpa kiti kwanza, dawa baadaye. Mara nyingi kichwa hakina neno. Hedhi imechelewa, au ameambiwa na wenzake kwamba mara ya kwanza mtu hashiki mimba, na anatafuta mtu mzima wa kumuuliza kama ni kweli. (Si kweli.) Wavulana wao huja kwa niaba ya "rafiki yangu". Rafiki huyo nimemtibu miaka mingi, sijapata kumwona uso.

Kazi hii, Mheshimiwa, haimo kwenye ratiba yangu ya zamu. Humo mna sindano, vidonda na rejista. Elimu ya afya ya uzazi kwa vijana imegeuzwa hotuba: ukumbi umejaa, kipaza sauti kinakoroma, walimu wamekaa safu ya mbele. Nani atanyoosha mkono hapo aulize habari za usaha unaomtoka? Siku niliyopitisha boksi la maswali yasiyo na majina, halikufunga.

Kinachoninyima usingizi ni saa. Kijana aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomfaa. Akimaliza siku mbili akijikusanyia ujasiri, amebakiwa na moja. Asipojua kwamba dawa hizo zipo, hata hiyo moja haimsaidii. Klamidia nayo, ugonjwa wa zinaa, mara nyingi haioneshi dalili yoyote, kwa hiyo anayengoja aumwe ndipo aje, huenda asije kabisa, na kwa msichana inaweza kuharibu mirija ya uzazi kimyakimya.

Tazama pia chanjo dhidi ya virusi vya HPV. Walengwa wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tunawapanga foleni, tunawachoma, tunawaambia "anayefuata". Wengi huondoka bila kujua kwamba wamekingwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Msichana yuko mbele ya muuguzi, mkono wazi, na hatumwambii kitu!

Wapo wazazi wanaohofia kwamba tutawafungua watoto macho mapema. Siwabezi. Ila mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018 ulipitia tafiti nyingi na kukuta elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono.

Na sisi wauguzi tusijitakase. Wapo miongoni mwetu wanaomuuliza binti, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nje, "Mdogo hivyo, unatafuta nini huku?" Binti huyo harudi, na atawaonya wenzake wasije.

Ninachoomba si kikubwa. Saa mbili kwa wiki ziandikwe kwenye zamu kwa ajili ya vijana. Tupatiwe chumba chenye mlango, maana pazia halizuii sauti. Tupewe mafunzo ya kuzungumza nao bila kuwahukumu. Zaidi ya yote, tunahitaji mwongozo wa maandishi kuhusu siri: lipi linabaki kati yangu na kijana, na lipi, kama ukatili, ni lazima nilitolee taarifa. Nataka niweze kumwambia hayo kabla hajafungua mdomo, asije akajiona nimemsaliti.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa zamu ya asubuhi