Mkate wa sufuria kwa ajili ya mwanao

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako imenifika. Niliposoma habari ya vipele vinavyomtoka mtoto kila alapo mkate wa dukani, niliingiwa na huruma, kwani wangu aliniliza kwa hayo hayo.

Hebu chukua mfuko wa mkate usome maandishi madogo. Ukikuta kalsiamu propioneti, au E282, hiyo ni dawa ya kuzuia ukungu. Wengi wanaila wala hawana habari, ila wako ambao miili yao haiipokei. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lao la watoto 27 kuhusu dawa hiyo, na baadhi walionekana kukosa utulivu na kulala kwa shida. Lakini kwanza mpeleke hospitali, tafadhali. Kama ni ngano yenyewe inayomdhuru, hata mkate wangu utamdhuru.

Mimi naoka hivi: unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko cha chai na nusu, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari kidogo, mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula, maji ya uvuguvugu kama mililita 300. Majarini usitie, nyingi zina rangi na dawa za kuhifadhi. Hata pakiti ya hamira isome, nyingine zimetiwa E491, dawa ya kiwandani ya kuchanganyisha mafuta na maji.

Kwenye kukanda usifanye haraka. Kanda dakika kumi nzima, mpaka donge liache kunata na ukilibonyeza kwa kidole liinuke lenyewe. Lifunike kwa kitambaa kibichi. Kwa joto letu la pwani saa moja yatosha. Ukilisahau litachachuka, na mkate utanuka hamira tupu. Lipange kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, liumuke tena, kisha makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa ugeuze uugonge chini: ukilia kama ngoma, umeiva. Usiukate ungali moto.

Siku ya pili utaanza kukauka, kwa hiyo oka mdogo mdogo. Na kila anachokula mtoto kiandike daftarini, pamoja na vipele vilipotoka, ukamwonyeshe daktari.

Idi nakuja kwako. Sufuria yangu nzito nitaibeba, wewe niwekee makaa.

Shogayo