Kinga ya umeme: soma moteri kabla ya kulipa

Bwana Mhariri,

Mnunuzi wa kinga ya umeme, yaani baiskeli yenye moteri ya betri, hapa Lubumbashi huambiwa neno moja dukani: "Hii ni kinga tu, haiombi karatasi." Analipa, anaingia Chaussée de Kasenga, na kwenye njia panda polisi wa rulaji (wa barabarani) anamwomba plaki ya namba, permi (leseni) na asiransi (bima). Wanabishana, na hakuna anayejua kifungu cha kumwonyesha mwenzake. Sisi tunaotengeneza vyombo hivi tunaomba nafasi kidogo, maana sehemu kubwa ya ubishi huo inamalizwa kwa namba.

Sheria yetu ya barabara ni nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka mmoja kabla yake, nchi ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Kwa mkataba huo, baiskeli ni chombo chenye magurudumu angalau mawili kinachosukumwa na misuli ya waliokipanda, peke yake. Neno "peke yake" ndilo limebeba kesi yote. Velomoteri ni ile yenye moteri ya kuchoma mafuta isiyozidi sentimita za ujazo 50, na mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Pikipiki ni chombo cha magurudumu mawili chenye moteri ya kukiendesha. Haikutajwa kama ni ya mafuta au ya umeme.

Ipitishe kinga ya umeme kwenye maneno hayo. Baiskeli si yenyewe, kwa sababu misuli ina msaidizi. Velomoteri si yenyewe, kwa sababu haichomi kitu. Inabaki pikipiki. Kwa kusoma herufi kwa herufi, mzee anayesukumwa kidogo na moteri akipanda kilima anahesabiwa sawa na kijana wa teksi-moto, pikipiki ya kubeba abiria. Tunaona si haki, lakini polisi anayesoma hivyo hajatunga uongo.

Nchi nyingine zilishachora mstari. Umoja wa Ulaya na Uingereza wanaiacha kinga ya umeme ihesabiwe baiskeli ikiwa moteri haizidi wati 250, inasaidia pale tu miguu inapokanyaga, na inakata ikifika kilomita 25 kwa saa. China, kiwango cha 2018 kilitaka pedali zinazofanya kazi, mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, wati 400, volti 48 na uzito wa kilo 55 pamoja na betri. Mipaka hiyo si sheria ya hapa, na kumwonyesha polisi wa Katuba karatasi ya Ulaya hakusaidii kitu. Lakini inasaidia kujua umenunua nini.

Basi pima. Moteri nyingi zimo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na pembeni ya ekseli kumechorwa volti na wati. Usiishie hapo, maana maandishi hayo yanabadilishwa kirahisi. Tafuta kontrola, kile kisanduku cha aluminiamu chenye nyaya nyingi, usome ampea za juu kabisa. Zidisha kwa volti za betri: volti 48 mara ampea 15 ni wati 720. Hizo ni za kilele, si za mwendo wa kudumu, kwa hiyo hazitalingana sawasawa na za kwenye moteri. Lakini ikiwa moteri imeandikwa 250 na kontrola inaruhusu ampea 30, kuna mtu amedanganya.

Betri nayo inabadili hesabu. Moteri ya volti 36 iliyotengenezwa kwa kilomita 25 kwa saa, ukiipa betri ya volti 48, inazunguka theluthi moja zaidi na kukaribia kilomita 33. Kontrola nyingi pia zina kiwaya kifupi, mara nyingi cheupe, chenye kiungio cha kuzuia mwendo. Muuzaji akikichomoa ili kumfurahisha mteja, kizuizi kimekwenda. Mwulize waziwazi kama kimeunganishwa.

Kipimo kisichodanganywa na maandishi ni barabara yenyewe. Tafuta mahali tambarare pasipo na magari, pima mita 100, uingie ukiwa tayari kwenye mwendo wa juu kabisa wa moteri. Kwa kilomita 25 kwa saa utatumia sekunde 14 na nusu hivi. Ukitumia 8, uko kwenye kilomita 45, na hiyo ni pikipiki hata kama ina pedali. Kumbuka pia kwamba urefu wa kusimama unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 25 hadi 45, breki zile zile zinahitaji umbali zaidi ya mara tatu. Breki za mpira zinazobana rimu hazifai kwa kazi hiyo, zaidi sana wakati wa mvua.

Chombo kisicho na pedali, chenye volti 60 au 72, hakina mjadala. Tafuta plaki, permi na asiransi kabla ya kukitoa nje. Kwa vyombo vya moteri asiransi ni lazima tangu amri-sheria nambari 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Na yule mwenye kinga ndogo asijidanganye kwamba bila plaki hana deni: kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia kinamtaka kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Kinga hizi hazina sauti, na mama anayevuka akiwa na beseni kichwani anategemea masikio. Kengele, taa nyeupe au ya njano mbele, taa nyekundu na kiakisi nyuma vinadaiwa na mkataba hata kwa baiskeli ya kawaida.

Dukani, dai fakture (ankara) yenye nambari ya kadre (fremu), volti, wati na mwendo wa juu, pamoja na nakala ya karatasi ya forodha. Ukisimamishwa, hizo zitasema zaidi ya mdomo.

Kwa Wizara ya Uchukuzi na kwa jimbo la Haut-Katanga tunaomba maandishi mafupi yenye namba nne: wati, mwendo, uzito, na kama moteri inaweza kusukuma bila pedali. Yabandikwe kwenye ofisi za polisi wa rulaji na kwenye maduka, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Mafundi wawili wa kinga za umeme,
Komini ya Kenya, Lubumbashi