Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Mkoa wa Arusha: Oldupai isiwe ya waliomaliza mchango tu

Ndugu Afisa Elimu,

Pole na majukumu. Mwanangu anasoma kidato cha kwanza katika shule mojawapo ya kata mkoani kwetu. Hivi karibuni darasa lao lilikwenda Oldupai, lile korongo la Ngorongoro lenye mabaki ya zamadamu, nami nikaombwa kusindikiza. Waliopanda basi ni wale tu ambao wazazi wao walimaliza mchango. Waliobaki walipewa mafyekeo, wakashughulikie nyasi za uwanja.

Naomba nikueleze walichokosa. Pale njia panda, unapoiacha barabara ya Serengeti, kuna sanamu mbili za mafuvu, kubwa ajabu, zimewekwa juu ya jukwaa. Watoto nusura watokee madirishani. Tulipofika ukingoni mwa korongo, mwongozaji akawaonyesha matabaka kwa kidole, hili la kijivu, lile jekundu, akawaambia kuwa fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, alilolikuta Mary Leakey Julai 1959, lilitoka tabaka la chini na lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kijana mmoja, ambaye naambiwa darasani husinzia tu, akauliza: "Sasa hiyo miaka waliihesabuje?" Akajibiwa habari za majivu ya volkano, na potasiamu iliyomo inavyogeuka kuwa gesi ya agoni polepole, kwa kasi inayopimika. Maswali hayakukatika tena. Ndani ya makumbusho walivua viatu walinganishe miguu yao na nakala ya nyayo za zamadamu zilizokutwa Laetoli, ambazo zina zaidi ya miaka milioni 3.6. Nyayo zenyewe zimefukiwa kulekule Laetoli zisiharibike.

Mada hiyo imo kwenye silabasi ya Historia, na mtihani wataufanya wote, pamoja na wale wa mafyekeo.

Najua gharama zipo. Kutoka mjini hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, ni karibu kilomita 160, bado kiingilio, bado chakula. Lakini kama safari haitoshi kwa wote, basi ibadilishwe safari, watoto wasichujwe kwa mifuko ya wazazi wao. Makumbusho ya Elimu Viumbe yako hapa hapa mjini, ndani ya lile boma la Wajerumani, na yana maonyesho ya chimbuko la binadamu. Shule za katikati ya jiji zinaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya uji kupoa. Halafu kuna Engaruka, wilayani Monduli, ambako hupiti lango la Ngorongoro kabisa: kuta za mawe, matuta na mifereji ya wakulima waliomwagilia maji mashamba yao kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Sijui kwa nini shule zetu hupita Mto wa Mbu bila hata kufikiria kukata kulia.

Ninachoomba ni waraka mmoja kwa wakuu wa shule: ziara ya masomo iwe ya darasa zima au isiwepo, na halmashauri zichangie usafiri. Fedha za mahafali hupatikana kila mwaka, hadi za keki na turubai.

Jibu lako, tafadhali, libandikwe kwenye mbao za matangazo za shule. Likiishia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, wenye watoto walioachwa hawataliona, maana wengi wao hawana simu janja.

Wako,
Mzazi, Ngaramtoni