Hariri ya zamani upande mmoja, mpya upande wa pili: bawa lisipinde tufanyeje?

Ndugu mhariri, nanyi wakubwa zetu mafundi mnaosoma barua hizi, jambo.

Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tuna ndege ya mfano aliyoijenga babu mwaka 1958, mji ulipokuwa bado Elisabethville. Ni mfano wa Piper Cub, ndege ndogo ya kweli, kwa kipimo cha 1 kwa 8: sentimita 134 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, upana wa bawa sentimita 20, mbavu 26 za balsa, mti mwepesi sana, yenye unene wa milimita 1.5, boriti mbili za msonobari, na injini ya dizeli ya cc 2.5. Mabawa yamevikwa hariri, mkia karatasi laini ya Kijapani, vyote vikapakwa vanishi ya nitroselulosi na rangi ya njano. Familia imeafikiana kwamba haitaruka tena, itaning'inizwa sebuleni. Kwa hiyo uzito si hoja. Hoja ni herufi.

Herufi ni OO-C na nyingine mbili zilizofifia, zilizochorwa kwa brashi. OO-C ilikuwa alama ya ndege zilizosajiliwa Kongo ya Wabelgiji. Za leo ni 9Q. Herufi za babu zimewekwa kama ilivyokuwa desturi, juu ya bawa la kulia na chini ya bawa la kushoto. Ukisogeza jicho unaona brashi ilivyoishiwa rangi kwenye mkunjo wa C, na mstari wa penseli uliouongoza mkono. Kila anayeulizwa anasema: vua hariri yote, vika mpya, chora upya. Hapana. Ukifanya hivyo, mkono wa babu umeondoka, umebaki na mifupa.

Na mifupa yenyewe ni mgonjwa. Gundi ya selulosi ya miaka ile hukauka ikawa kama kioo, kisha hupasuka yenyewe kwenye viungo. Ukigonga ubavu kwa ukucha, kiungo kizima kinatoa mlio mkavu, kilichoachia kinatetema. Mbavu 9 zimeachia. Nyingine 4 zimeliwa na wadudu: matundu ya milimita 1, na ukiinamisha bawa unamwagika unga laini kama wa muhogo. Wadudu wameshashughulikiwa. Kila nusu ya bawa ilifungwa kwenye plastiki bila kuacha hewa nyingi, ikakaa wiki 2 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani haifai kwa kazi hii, umeme ukikatika usiku baridi inapotea na wadudu wanapona. Tuliomba nafasi kwa muuza samaki wa barafu mwenye jenereta. Baada ya kuitoa, plastiki isifunguliwe kwa saa 24, la sivyo unyevu unaganda kwenye hariri baridi.

Ili kufikia mbavu, kila bawa litafunguliwa upande usio na herufi: la kulia kutoka chini, la kushoto kutoka juu. Asetoni inayeyusha gundi ya zamani, lakini inayeyusha vanishi na rangi vilevile. Kwenye kipande cha majaribio cha sentimita 4, asetoni ilipitishwa kwa brashi nyembamba juu ya mstari wa ubavu, tukasubiri sekunde 30, wembe ukaingia chini ya hariri bila kuipasua. Rangi ilitambaa milimita 3 tu. Upande usio na herufi hilo linavumilika. Mbavu zilizoachia zitashikwa kwa kole, yaani gundi nyeupe ya maseremala, tone dogo kwa ncha ya kijiti, maana maji yake yakizidi balsa inavimba na kupinda.

Shida kubwa ndiyo hii. Upande uliofunguliwa lazima uvikwe hariri mpya. Vanishi ya nitroselulosi inavuta kitambaa inapokauka, na haiachi kuvuta siku ya kwanza, inaendelea kwa miezi. Hariri ya zamani upande wa pili haivuti tena. Imechoka, na ikilazimishwa inachanika. Upande mmoja unavuta, mwingine hauna nguvu ya kujibu: bawa linajisokota, na herufi ndizo zitakazopasuka kwanza.

Tulijenga fremu ya majaribio ya mbavu 4, sentimita 20 kwa 15. Upande mmoja hariri mpya na tabaka 3 za vanishi iliyochanganywa nusu kwa nusu na kiyeyusho, upande wa pili karatasi iliyolegezwa. Ilipigiliwa pini kwenye ubao siku 3. Siku ya 10, pembe moja ilikuwa imeinuka milimita 4. Fremu nyingine ikapata mililita 2 za mafuta ya nyonyo kwa kila mililita 100 za vanishi, ili iwe laini: pembe ikainuka milimita 2. Ni nafuu, lakini nusu ya bawa ina sentimita 67. Plastiki ya kuvutwa kwa pasi tumeikataa. Inang'aa kama mfuko wa dukani, na joto lake linaweza kulainisha rangi ya upande wa pili.

Wazo tulilo nalo ni kuongeza vijiti vya balsa vya milimita 3 kwa 3 kimshazari kati ya mbavu, vikikatana kama X, visiguse hariri ya zamani. Je, vinatosha peke yake, au mngetafuta pia vanishi isiyovuta? Kuna aliyetumia vanishi ya akriliki ya maji juu ya hariri, na baada ya mwaka ilikuwaje?

Swali la pili: hariri yenye herufi tunataka kuitegemeza kutoka ndani kwa karatasi ya Kijapani. Uji wa wanga wa ngano haugusi rangi, lakini ni chakula cha wadudu. Mnatumia nini?

Injini haina haraka. Mafuta ya nyonyo yaliganda ndani. Petroli ya taa na joto la mashine ya kukaushia nywele vimefungua krenki bila kulazimisha pangaboi, maana ukilazimisha biela, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, inapinda. Kontra-pistoni, ile pistoni ndogo ya juu ya silinda inayorekebisha mgandamizo, bado imekwama. Kwa kuwa injini haitawashwa, tunafikiri kuiacha. Kama mnajua sababu ya kutoiacha, semeni. Soda kali msituambie, inakula alumini.

Tunaomba jibu kabla ya mvua za Novemba. Hewa ikiwa na unyevu, kiyeyusho kinapoza uso wa vanishi, maji yanatua juu yake na inabaki na ukungu mweupe usio na nguvu. Kazi ya vanishi itafanyika saa sita mchana, madirisha wazi, na mbabula, jiko la makaa, nje kabisa ya uwanja, kwani nitroselulosi inashika moto kwa cheche moja.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi