Dai la hujuma kwenye mnara lihakikiwe kabla ya kuchapwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo kuhusu namna vyombo vya habari vinavyoripoti wanasiasa wanapodai kwamba mnara wa kumbukumbu au sanamu ya umma imehujumiwa. Mwanasiasa anasimama mbele ya vipaza sauti, anasema wahuni wameichafua historia ya taifa, na kesho yake maneno hayo yako ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa. Mara nyingi hakuna mwandishi aliyefika mahali penyewe, wala aliyempigia simu mtunzaji wa mnara. Msomaji akiona kichwa cha habari hujisemea lisemwalo lipo, na jambo likishaingia hivyo ni kazi kubwa kulitoa.

Ukilitazama vizuri, dai la namna hii hubeba mambo matatu yanayotolewa kwa pumzi moja. Kwamba kuna kitu kimeharibika. Kwamba kuna mtu aliyekiharibu makusudi. Na kwamba mtu huyo ni wa upande fulani, awe mpinzani, mwandamanaji au mgeni. Kila jambo hapo linadai ushahidi wake. Picha ya doa inaweza kuthibitisha la kwanza, lakini haisemi lolote juu ya la pili, sembuse la tatu.

Mawe na shaba huchakaa bila kuguswa na mtu. Sanamu ya shaba iliyo nje huota kutu ya kijani, mvua ikaishusha kutu hiyo hadi kwenye jiwe la chini na kuacha michirizi. Kwa mbali, na hasa kwenye picha ya simu, michirizi hiyo inafanana kabisa na rangi iliyomwagwa. Jijini Washington, kuba la marumaru la mnara wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, lilianza kuonekana na madoa meusi mwaka 2006, na madoa yakazidi kuenea mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyepanda juu na kopo la rangi. Lilikuwa tabaka la vijidudu, mchanganyiko wa bakteria, kuvu na mwani, vilivyojishikiza juu ya jiwe. Wahifadhi walijaribu njia kadhaa kabla ya kuamua kuyaondoa kwa miale ya leza. Mtu anayepita chini yake bila kuambiwa hayo angeapa kwamba kuna aliyelichoma moto.

Mfano mwingine uko jijini humo humo, kwenye bwawa refu lililo mbele ya mnara wa Abraham Lincoln. Bwawa hilo lilifunguliwa tena mwishoni mwa Agosti 2012 baada ya ukarabati uliogharimu dola milioni 34. Wiki chache baadaye maji yalikuwa ya kijani. Mwani ulikuwa umestawi, basi, na ikabidi bwawa likaushwe lisafishwe. Juni 2017 likakaushwa tena baada ya bata wapatao 80 kufa. Mwenye haraka ya kumnyooshea mtu kidole angesema wamewekewa sumu, na angepata wa kumwamini. Waliowaua ni vimelea wanaokulia ndani ya konokono wa majini.

Nyufa nazo ni hivyo hivyo. Mnara wa Washington, ule mrefu uliochongoka, ulipata nyufa katika tetemeko la ardhi la tarehe 23 Agosti 2011, ukafungwa hadi Mei 2014. Na ukiutazama kwa chini utaona rangi ya jiwe inabadilika ghafla, kama mita 46 kutoka ardhini. Ujenzi ulisimama mwaka 1854, na ulipoendelea mwaka 1879 marumaru ilitoka kwenye machimbo mengine. Anayetaka kudanganya umati hakosi cha kuonyesha.

Sisemi hujuma haipo. Ipo, na inauma. Tarehe 26 Julai 2013 sanamu ya Lincoln ilikutwa imemwagiwa rangi ya kijani. Siku tatu baadaye polisi walimkamata mwanamke mmoja ndani ya Kanisa Kuu la Taifa jijini humo, ambako nako rangi kama hiyo ilikuwa imemwagwa. Haikuwa kazi ya chama wala kundi. Juni 2020, katika maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, sanamu ya Albert Pike, jenerali wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliangushwa Washington tarehe 19. Siku tatu baadaye watu wakajaribu kuiangusha ya Andrew Jackson, rais wa saba wa nchi hiyo, karibu na Ikulu ya Marekani kwa kuifunga kamba. Rais Donald Trump aliposema kesho yake kwamba sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10, uharibifu aliokuwa akiuzungumzia ulikuwa umeshapigwa picha kila upande, na sheria yenyewe, ya mwaka 2003 kuhusu kumbukumbu za wanajeshi, inasomeka. Dai lenye ukweli halichukui muda mrefu kuthibitishwa, kwa hiyo sielewi kwa nini uhakiki uonekane kama uadui kwa mwanasiasa. Anayesema kweli hana anachopoteza mwandishi akipiga simu mbili.

Linalonitia hofu zaidi ni lile jambo la tatu, la kumtaja mhusika. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933 jengo la bunge la Ujerumani, Reichstag, liliwaka moto. Moto ulikuwa wa kweli, na uliwashwa makusudi. Lakini usiku uleule serikali ya Adolf Hitler ilitangaza kwamba ni njama ya wakomunisti. Kesho yake ikatolewa amri iliyofuta uhuru wa magazeti, wa kukusanyika na wa mtu kutokamatwa ovyo. Ilipofika Desemba mahakama ya Leipzig ilimtia hatiani Marinus van der Lubbe, aliyekamatwa palepale, na kuwaachia washtakiwa wenzake wanne, wakomunisti wote, kwa kukosa ushahidi. Uamuzi huo ulikuja miezi kumi baada ya amri. Waliokwishatupwa kambini haukuwasaidia kitu. Simfananishi mwanasiasa yeyote wa leo na Hitler. Ninachosema ni kwamba uharibifu unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado lawama ikaelekezwa pasipostahili, na hapo ndipo watu huumia.

Kwa hiyo ombi langu kwa chumba chenu cha habari ni hili. Dai likitolewa, atafutwe kwanza mtunzaji wa mnara. Karibu kila mnara wa umma una mamlaka inayousafisha na kuukagua, na wakaguzi huandika walichokikuta. Aulizwe mara ya mwisho ulikaguliwa lini, na doa hilo lilikuwepo au la. Itafutwe picha ya zamani ya upande uleule, maana watalii hupiga picha za minara kila siku, na doa lililoonekana mwaka uliopita haliwezi kuwa la juzi. Picha aliyoileta mwanasiasa nayo ichunguzwe imepigwa wapi na lini. Polisi waulizwe kama kuna jalada lililofunguliwa na kama kuna aliyeshtakiwa. Halafu mwanasiasa mwenyewe aulizwe swali ambalo nadra kulisikia kwenye mikutano yao na waandishi: umejuaje?

Kuandika tu kwamba hayo ni madai yake hakutoshi. Najua mnafungwa na muda, na kwamba gazeti likichelewa jingine litatangulia. Basi kama hamjapata jibu, lisemeni hilo katika aya ya kwanza, si ya kumi na mbili: kwamba gazeti halijaona uharibifu wowote kwa macho yake, na kwamba mtunzaji hajapatikana. Msomaji apewe nafasi ya kupima.

Na ikibainika baadaye kwamba ilikuwa mvua, mwani au tetemeko, masahihisho yasitupwe pembeni karibu na matangazo ya vifo. Yawekwe ukurasa uleule uliobeba dai, kwa herufi zilezile. Mwanasiasa aliyelitoa arudiwe na kuulizwa kama analifuta, na jibu lake lichapwe, hata kama ni kimya.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi